Damu kwenye mswaki: ufizi wetu unasema nini juu ya chakula, kilo na njaa

Kila mara tunapofungua simu katika kipindi cha afya, kuna swali moja halikosi: "Nikisugua meno natoka damu, ni juu ya nini?" Majibu ya mtaani tunayajua wote. Mswaki ni mgumu. Dawa ya meno ni ya bandia. Damu yako ni mingi. Ama tu: ni mwili wa jamaa yenu, baba yako alikuwa vile vile.

Siku hizi swali hilo limezaa mengine mawili. La kwanza linatoka kwa watu wa mjini, wale ambao munganga amewaambia wapunguze kilo juu ya tansio ao ugonjwa wa sukari. Wanauliza kama ni kweli unene unaweza kuharibu hata mdomo. La pili linatoka upande mwingine kabisa. Ni mama aliyekimbia vita, anaishi kwa jamaa ao katika kambi, na mtoto wake mdogo ananuka mdomo, shavu limeanza kuvimba. Anauliza kama ni uchawi.

Ukiyasikia haraka haraka, utasema maswali haya hayana undugu. Mmoja anakula kupita, mwingine hana chakula. Lakini mambo ya afya yana ukaidi wake: yote mawili yanapita pa mlango mmoja, ile nyama ndogo nyekundu inayoshika meno. Tumeona ni vizuri kuieleza polepole, maana katika mikoa yetu ya Kivu mambo hayo mawili yanakaa leo katika avenyu moja, wakati mwingine katika parsele moja.

Tuanze na ufizi wenyewe. Mdomo wa kila mtu una mikrobe, hakuna aliye msafi kabisa. Mikrobe hizo zinajenga utando laini juu ya meno, ule unaousikia kwa ulimi asubuhi mbele ya kusugua. Usipotolewa, unaganda, unakuwa mgumu kama jiwe, na mswaki hauutoi tena. Mwili unatambua kwamba kuna adui karibu na mlango, unatuma damu na askari wake pale. Njo maana ufizi unakuwa mwekundu, unavimba, na ukiugusa kidogo unatoka damu. Hiyo ni hatua ya kwanza, na mtu akirudilia usafi anapona, hakuna alama inayobaki.

Hatua ya pili ndiyo mbaya. Vita ya mwili na mikrobe inaendelea kwa miezi na miaka, inashuka chini ya ufizi, na mwili wenyewe unaanza kula mfupa unaoshika jino. Mfupa ule haurudi. Jino linaanza kucheza, linaonekana refu, mwishoni linaanguka zima bila hata kutoboka. Wengi kwetu wanaita hiyo "uzee". Siyo uzee. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitoa ripoti yake kubwa ya afya ya kinywa mwaka wa 2022, na ndani yake lilihesabu zaidi ya watu milioni 1 000 duniani wenye ugonjwa mkali wa ufizi. Kwa magonjwa yote ya kinywa pamoja, lilifika karibu milioni 3 500. Ni magonjwa yaliyoenea kupita mengine yote, na ni yale ambayo hakuna mtu anayapigia kelele, sababu hayaui kwa siku moja.

Zingatia jambo moja hapa: uharibifu mkubwa unafanywa na ule moto wa mwili wenyewe, mikrobe ni kiberiti tu. Kumbe kila kitu kinachoongeza moto huo mwilini kinaweza kuongeza hasara ya ufizi. Hapo ndipo kilo na chakula vinaingia.

Tumbo la patroni

Kwetu mtu akinenepa tunamsifu. Tunasema amekuwa mukubwa, mambo yake yanaenda, bibi yake anapika vizuri. Tumbo la mbele ni kama diplomi. Na mtu aliyekonda tunamuuliza kama ni mgonjwa. Siwezi kucheka watu juu ya hiyo. Katika nchi iliyopita njaa na vita mara nyingi hivi, ni kawaida watu waone kilo kama akiba. Lakini sayansi imetufundisha kwamba mafuta ya tumbo siyo gunia lililokaa kimya. Yanafanya kazi. Yanatoa ndani ya damu kemikali zilezile ambazo mwili unatumia wakati wa vita na mikrobe. Mtu mwenye mafuta mengi tumboni anaishi na moto mdogo usiozimika, hata kama hajisikii mgonjwa.

Mwaka wa 1998, waganga wa meno wa Japani walipima watu zaidi ya 200 wenye afya nzuri na wakaona kwamba wale wanene walikuwa na ugonjwa wa ufizi kupita wembamba. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini ulifungua macho. Mwaka wa 2003, watafiti wa Marekani walichukua hesabu za watu wengi zaidi na wakapata jambo la ajabu kidogo: uhusiano ulionekana wazi kwa vijana wa miaka 18 hadi 34, siyo kwa wazee. Mwaka ule ule utafiti mwingine wa Marekani, juu ya wanaume wanaofanya kazi za afya, ulionyesha kwamba wale wenye kufanya mazoezi zaidi walikuwa na ugonjwa huo kidogo kuliko wenye kukaa. Tangu hapo tafiti nyingi zimefuata njia hiyo, na nyingi zinakubaliana kwamba unene na ugonjwa wa ufizi vinatembea pamoja.

Kutembea pamoja siyo kusema mmoja amezaa mwingine. Hapa ningependa tuwe waangalifu, maana kwenye WhatsApp kuna watu wanaouza chai ya kupunguza tumbo na wanaongeza kwamba inaponya meno. Mtu mnene anaweza kuwa na ufizi mbaya juu ya mafuta yake, ni kweli. Anaweza pia kuwa nao juu ya sukari anayokunywa, sigara anayovuta, ao juu ya kutosugua meno. Na kuna wanene wengi wenye ufizi mzuri kabisa, kwa sababu wanasafisha. Kwa sigara, tuseme haraka: ni adui mkubwa wa ufizi, na ana hila, anaficha damu. Mvutaji anaweza kuwa na mfupa ulioharibika na asione damu hata kidogo kwenye mswaki.

Kama ukiniuliza mimi, baada ya kusoma na kusikiliza waganga, ningesema kilo ni alama ya njiani. Siyo mshitakiwa mkuu. Ule ambaye angepaswa kuitwa kwanza mbele ya tribinali ni sukari.

Angalia namna mji wetu unakula. Asubuhi, chai yenye sukari mingi na mandazi. Saa sita, kama pesa iko, bugali na kitu kidogo. Kama haiko, biskuti na sukre. Jioni ndiyo chakula. Chupa ya soda ya santilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, sawa na vijiko 8 ao 9 vya chai. OMS inaomba mtu mzima asipite gramu 50 kwa siku kwa sukari zote za kuongeza, na ingefurahi akibaki kwenye 25. Kwa hiyo chupa moja na chai mbili, siku imekwisha. Na motari anayekunywa chupa mbili kwa siku ili "apate nguvu" hajui kwamba anakula kitu cha ziada. Kwake hiyo ni chakula cha saa sita, na kwa bei, mara nyingi ni rahisi kuliko sahani ya maharagi.

Watu wa Bukavu na Uvira wenye umri wanakumbuka kiwanda cha sukari cha Kiliba, katika bonde la Ruzizi, kilichosimama mwaka wa 1996 vita vilipoanza. Wakati ule wengine walifikiri sukari itakuwa haba kwetu. Haikuwa haba. Iliingia kutoka nje, katika gunia, katika chupa, katika vijiko vya maziwa ya unga yenye sukari. Barabara zinafungwa, benki zinafungwa, lakini biskuti inafika mpaka kijijini ambapo dawa ya malaria haifiki.

Kuna jaribio moja ambalo mimi kama mtu wa radio nalipenda, sababu lilitoka kwenye kipindi cha televisheni. Huko Uswisi, watu 10, watu wazima na watoto, walikubali kuishi majuma 4 kama watu wa zamani sana mbele ya kameras. Nyumba za zamani, chakula cha zamani: nafaka nzima, majani, matunda ya porini, asali, maziwa, nyama kidogo. Sukari ya kiwandani hapana. Na mswaki pia hapana. Waganga wa meno walipima midomo yao mwanzo na mwisho, na wakachapisha matokeo mwaka wa 2009. Kila mtu angetegemea kwamba ufizi ungeoza. Kweli, utando juu ya meno uliongezeka. Lakini damu ilipungua: mwanzoni zaidi ya sehemu 3 kwa 10 za ufizi uliopimwa zilitoka damu, mwishoni kidogo zaidi ya 1 tu.

Watu 10 ni kidogo, na hakuna anayekuambia utupe mswaki wako. Lakini jaribio lile linasema jambo ambalo bibi zetu wa Walungu na Kalehe wangeelewa bila kusoma. Uchafu ulikuwepo, mikrobe zilikuwepo, na bado ufizi ulitulia, kwa sababu chakula hakikuwasha moto. Bugali ya mtama, lengalenga, maharagi, sambaza wa ziwa, mapera: kwa ufizi, hiyo ni meza ya kitajiri. Tumeiita chakula cha maskini na tumeikimbia.

Sukari ndani ya damu

Kuna watu ambao kwao jambo hili siyo la kungoja. Ni wenye ugonjwa wa sukari. Waganga wanakadiria kwamba mtu mwenye ugonjwa huu asiyetunzwa vizuri ana hatari karibu mara 3 ya kupata ugonjwa mkali wa ufizi. Sukari ikiwa mingi ndani ya damu, mishipa midogo inaharibika, askari wa mwili wanakuwa wavivu na wakali kwa wakati mmoja, na kidonda hakikauki. Wenye ugonjwa wa sukari wanachunga sana miguu yao, wamefundishwa hivyo. Mdomo wamesahau.

Na barabara hii inaenda pande zote mbili. Ufizi mgonjwa ni kama kidonda kikubwa kilichofichwa. Ukikusanya sehemu zote zilizochubuka chini ya meno, unapata eneo la kiganja cha mkono, ao karibu na hapo. Moto wa kidonda hicho unazuia insulini kufanya kazi yake, na sukari inapanda. Mwaka wa 2022, uchunguzi uliokusanya tafiti 35 ulionyesha kwamba mgonjwa wa sukari akisafishiwa vizuri chini ya ufizi, kile kipimo cha sukari cha miezi 2 ao 3 kinashuka kwa karibu 0,43 kisha miezi 3 hadi 4. Kwa mtu aliye kwenye 8, siyo mchezo. Ameshuka bila kidonge kipya.

Sasa fikiri maisha ya mgonjwa huyo kwetu. Jino linacheza, linauma akitafuna. Anaacha nyama, anaacha mahindi ya kuchoma, anaacha maharagi yasiyoiva sana, anaacha miwa na karoti. Anabaki na nini? Mkate laini uliochovywa katika chai. Uji wenye sukari. Ndizi iliyoiva kupita. Vitu vile vile ambavyo munganga amemkataza. Sukari inapanda, ufizi unazidi, jino lingine linacheza. Halafu anaenda kwa munganga wa meno na kusema neno ambalo waganga wote wa meno wanalijua: "Nitosheni tu hili jino, linanisumbua." Wanalitosha. Hakuna aliyempima sukari. Na wengi, kwa namna hiyo, wanatembea na ugonjwa wa sukari miaka mingi bila kujua, wakati mdomo ulikuwa umeshapiga kengele.

Mama wajawazito nao wanaona damu, na wanaogopa. Kwao ni homoni za mimba zinazofanya ufizi uvimbe upesi, hata kwa mama msafi. Wasiache kusugua kwa sababu ya damu. Kuacha njo kunaongeza. Lakini waseme jambo hilo kwenye konsultasio ya mimba, wapimwe pia sukari, maana kuna sukari inayokuja na mimba.

Upande wa pili wa mizani

Tuje sasa kwa yule mama mwingine.

Ufizi umekuwa kipimo cha njaa tangu zamani. Wanamaji wa Ulaya walikuwa wanakufa baharini na ufizi uliovimba, mweusi, unaotoka damu, mpaka mwaka wa 1747 munganga mmoja wa meli ya Uingereza, James Lind, alipowapa baadhi ya wagonjwa wake machungwa na ndimu, na hao wakaamka kitandani kwa siku chache. Kilichokosa kilikuwa vitamini C. Utasema hiyo ni hadithi ya wazungu na meli zao. Hapana. Katika miaka ya 1980, ugonjwa ule ule ulirudi Afrika, katika kambi za wakimbizi za Ethiopia, Somalia na Sudani. Watu wale hawakuwa wamekosa chakula kabisa. Walikuwa wanagawiwa unga, mafuta na maharagi kavu, miezi na miezi, bila jani wala tunda. Tumbo lilijaa, ufizi ulioza.

Kumbukeni jambo hilo wakati tunapoangalia mfuko wa msaada unashushwa kwenye lori. Mfuko ule unaokoa maisha, hakuna wa kuudharau. Lakini kuhesabu kilo za unga siyo kuhesabu chakula. Sombe yetu ina vitamini C mingi ikitoka shambani, na sehemu kubwa inaharibika pale inapopikwa saa nzima na zaidi, kama inavyotakiwa ili sumu itoke. Kwa hiyo pera moja, ao kipande cha papai, ao ndimu juu ya samaki, inafanya kazi ambayo sufuria nzima ya sombe haifanyi. Na mtu aliyekimbia ameacha nyuma mti wake wa mapera.

Lakini ugonjwa ambao mama yule alikuwa anauliza ni mwingine, na ndio umetufanya tuandike makala hii. Unaitwa noma. Unashika hasa watoto wa miaka 2 hadi 6. Unaanza kama ufizi wa kawaida unaotoka damu. Kisha kidonda kinatokea kwenye ufizi, mdomo unanuka vibaya, mtoto anatoa mate, hataki kula. Shavu linavimba. Ndani ya siku chache nyama ya shavu inakufa, inakuwa nyeusi, inaanguka, na tundu linafunguka usoni. Bila matunzo, hadi watoto 9 kwa 10 wanakufa. Wanaobaki wanabaki na uso ulioharibika, wengine hawawezi tena kufungua mdomo, na wanafichwa ndani ya nyumba.

Noma haiambukizi. Siyo laana, siyo uchawi wa jirani. Inamshika mtoto ambaye mwili wake umekwisha: amekonda kwa njaa, ametoka kuugua surua ao malaria, ana virusi vya ukimwi, anakunywa maji machafu. Sasa weka vitu hivyo kwenye ramani yetu. Kati ya mwaka wa 2018 na 2020 nchi yetu ilipita katika mlipuko wa surua ulioua watu zaidi ya 6 000, wengi wao watoto, na surua haijatuacha tangu hapo. Mwezi wa Machi 2025, hesabu za kimataifa za chakula zilisema Wakongomani milioni 27,7 hawana chakula cha kutosha. Goma ilikuwa imeshachukuliwa na M23 mwisho wa Januari, Bukavu katikati ya Februari, uwanja wa ndege wa Goma umefungwa, benki zimefungwa, watu wamehama kambi kwa mguu. Na tarehe 1 Julai mwaka ule ule, shirika la msaada la Marekani, USAID, lililokuwa linabeba sehemu kubwa ya mzigo wa msaada katika nchi hii, lilifungwa rasmi. Katika vituo vya afya, ile pakiti ya siagi ya karanga wanayopewa watoto waliokonda ilitegemea pesa za namna hiyo.

Sisemi kwamba noma imejaa mitaani. Nasema masharti yake yote yamekusanyika katika chumba kimoja.

Na historia inatuonyesha kwamba ugonjwa huu hautoki na dawa za ajabu. Ulaya ilikuwa nayo. Ilipotea huko watu walipoanza kula vizuri na kuishi safi, mbele hata ya antibiotiki kupatikana. Kisha ikarudi, katika miaka ya 1940, ndani ya kambi za mateso za Wanazi, kama Auschwitz na Bergen-Belsen. Watu wale wale, bara lile lile. Kilichobadilika ni chakula tu na namna ya kuwatendea watu. Ndiyo maana waganga wengine wanaita noma uso wa umaskini. Mimi ningeongeza, uso wa vita pia.

Mwezi wa Desemba 2023, OMS iliiweka noma kwenye orodha yake ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, baada ya Nigeria na nchi nyingine kuomba kwa nguvu. Ni jambo kubwa, maana ugonjwa usio kwenye orodha hauna bajeti. Lakini orodha ya Genève haijui njia ya kufika Bunyakiri.

Nani atauangalia mdomo?

Kwa miaka ya 2014 hadi 2019, OMS ilihesabu waganga wa meno 3,3 kwa kila watu 100 000 katika kanda yake ya Afrika, karibu sehemu moja kwa kumi ya wastani wa dunia. Kwetu wachache walioko wanakaa Kinshasa, Lubumbashi na katika miji mikubwa ya mikoa. Ukiwa Shabunda, munganga wa meno ni mtu mwenye koleo. Na hata mjini, kila kitu kinalipwa kwa mfuko wa mgonjwa. Kutosha jino kunalipwa mara moja na maumivu yanakwisha. Kusafishwa chini ya ufizi kunaomba kurudi mara mbili, tatu. Mtu mwenye dola chache atachagua nini? Atachagua koleo, na siwezi kumlaumu.

Mwezi wa Novemba 2024 serikali za dunia zilikutana Bangkok, mkutano wa kwanza wa namna hiyo juu ya afya ya kinywa. Mpango unaofuatwa unataka kufika 2030 watu 80 kwa 100 wawe na haki ya matunzo ya msingi ya kinywa. Mwaka wa 2030 uko hapa mlangoni. Kwa maoni yangu, kungoja waganga wa meno wafike ni kungoja barabara ya lami. Kazi ya kwanza ingefanywa na wale ambao tayari wako: infirmiye wa kituo cha afya na mama na baba wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba. Wakati wanapopima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi tatu, wafungue pia mdomo wake. Inachukua nusu dakika. Ufizi mwekundu unaotoka damu kwa mtoto aliyekonda siyo jambo dogo, hata kama shavu halijavimba. Katika hatua hiyo, noma inasimamishwa na vitu ambavyo tunavijua: antibiotiki kama amoksisilini na metronidazoli, kusafisha mdomo kwa maji ya chumvi, na kumlisha mtoto. Ni dawa za bei ndogo, siyo za ndege. Zikicheleweshwa siku tano, mtoto atahitaji upasuaji ambao katika eneo lote hili ni watu wachache sana wanaoweza kuufanya.

Vile vile kwa wakubwa. Kila mtu anayekuja na meno mawili ao matatu yanayocheza angepaswa kutoka pale amepimwa sukari, tone moja la damu kidoleni. Na kila mgonjwa wa sukari angepaswa kuulizwa kama anatoka damu mdomoni. Maswali mawili hayo hayaombi mashini.

Kwa wapenzi wasikilizaji waliotuuliza moja kwa moja: damu kwenye mswaki isikufanye uache kusugua. Sugua mara mbili kwa siku, polepole, na dawa yenye fluori, hata mahali penye kutoka damu. Asiyekuwa na mswaki, kijiti cha kutafuna kilichosafishwa kinasaidia, tulikua nacho. Damu ikiendelea kupita majuma mawili, nenda kituo cha afya, na uombe wakupime sukari, hasa kama unakojoa mara kwa mara na una kiu isiyokwisha. Na wewe mama uliyetupigia simu juu ya mtoto mwenye shavu lililovimba: usingoje Jumatatu, usipitie kwanza pa maombi, nenda leo. Ukifika, usiseme tu "jino linamuuma". Sema ana umri gani, kama ametoka kuugua surua, tangu siku ngapi hali, na uwaombe wamulike tochi ndani ya mdomo.